Gari linazima ukiachilia mafuta: safisha vali ya sailensa kabla ya kununua nyingine

Gari likianza kuzima kwenye matuta, gereji nyingi za Malindi zina majibu mawili. La kwanza ni kununua vali mpya ya sailensa, na hapa sailensa si bomba la moshi bali ni mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta. La pili, kwa asiye na pesa ya vali, ni kuzungusha ile skrubu ndogo ya throto (lango la hewa ya injini) mpaka injini ishike kasi, mteja alipe aende zake. Jibu la kwanza huwa sahihi mara mojamoja tu, maana vali nyingi zinazotupwa hazijafa, zimeziba kwa masizi. Jibu la pili halifai kabisa, na sababu yake nitaieleza mbele.

Kwanza hakikisha gari lako lina vali yenyewe. Fungua boneti, mtu akanyage pedali ya mafuta injini ikiwa imezimwa. Ukiona kebo ya chuma ikivuta gurudumu dogo kwenye throto, vali ipo. Kama hakuna kebo, kuna soketi ya waya na mota tu, hiyo ni throto ya umeme: sailensa inaongozwa na kile kisahani cha throto chenyewe na hakuna vali ya pembeni ya kutafuta. Usiangalie jina la gari. Probox, Fielder na Vitz zimekuja za aina zote mbili kulingana na mwaka, na mtu anaweza kuuziwa vali isiyo na mahali pa kufungwa. Wenye tuktuk za kabureta, hii haiwahusu.

Kazi ya vali ni nyepesi kuielewa. Ukiachilia pedali, kisahani cha throto kinafunga, lakini injini bado inahitaji kuvuta hewa ili isizime. Hewa hiyo inapita njia ya pembeni, na vali inaipanua au kuibana njia hiyo kwa amri ya kompyuta. Injini ya Toyota ya 5A iliyopata moto inatakiwa kutulia kati ya mizunguko 700 na 800 kwa dakika. Ukiwasha AC, taa kubwa au feni, au ukikata usukani ukiwa umesimama, mzigo unaongezeka na vali inafunguka zaidi ili mizunguko isianguke. Vali iliyonata haiwahi. Ndiyo maana gari linakwenda vizuri barabarani, kisha linazima ukifika kwenye tuta, au mara tu kompresa ya AC inaposhika.

Uchafu wenyewe unatoka ndani ya injini. Mvuke wa oili unarudishwa kwenye manifoldi (bomba linalogawia silinda hewa) kwa paipu ya PCV, na injini iliyochoka ringi hutoa mvuke mwingi zaidi. Huku kwetu unaongezeka na vumbi laini la barabara ya Marafa na mchanga wa Mambrui unaopenya kwenye filta iliyochanika au isiyokaa sawa kwenye boksi lake. Vumbi na oili vikikutana vinakuwa uji mweusi unaoganda kwenye njia ya hewa. Halafu kuna chumvi. Magari yanayofanya kazi Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi huota kutu ya kijani ndani ya soketi hata kama vali yenyewe ni safi, na waya ukishakuwa na kutu vali hupokea amri nusunusu. Tatizo la tatu ni maji ya kisima kwenye redieta. Toyota nyingi za kebo zina mipira miwili midogo inayopitisha maji ya injini chini ya throto na vali. Maji ya chumvichumvi huacha magamba humo, yanakula alumini, na siku moja unakuta maji yanavuja mahali ambapo panatakiwa kupita hewa tu.

Kabla ya kufungua chochote

Sikiliza sailensa inasema nini. Ikiwa chini na gari linazima, njia ya hewa imebanwa. Ikiwa juu, tuseme 1,500 bila kushuka hata injini ikiwa na moto, kuna hewa ya ziada inayoingia: ama vali imenata ikiwa wazi, ama kuna mpira umepasuka. Ikipanda na kushuka kama inapumua, hewa ya ziada ndiyo ya kushukiwa kwanza. Hapo kompyuta inaona throto imefungwa lakini mizunguko iko juu, inadhani gari linateremka mlima, inakata petroli. Mizunguko inaanguka, inarudisha petroli, inapanda tena, inakata tena. Watu wengi hubadilisha vali kwa dalili hii na wanaambulia patupu, kwa sababu tundu lilikuwa kwenye mpira wa buster ya breki.

Kwa hiyo tafuta uvujaji kwanza. Changanya maji na sabuni kwenye chupa ya kupulizia, washa injini, na pulizia kidogokidogo kwenye kiungo cha manifoldi, mpira wa buster, paipu ya PCV na mipira yote myembamba. Sauti ikibadilika au povu likifyonzwa, umepata. Mafundi hutumia dawa ya kabureta kwa kazi hii na inafanya kazi haraka zaidi, lakini inawaka moto, na injini ina joto na cheche. Sabuni inatosha. Chunguza pia ule mpira mkubwa wenye mikunjo unaotoka kwenye boksi la filta: ukipasuka katikati ya mikunjo hutaona ufa mpaka uunyooshe kwa mikono miwili.

Gari likizima pale tu AC inaposhika na siku nyingine zote lina sailensa nzuri, basi kwenye Toyota za zamani angalia kama kuna kivali kidogo cha pekee cha kupandisha mizunguko kwa ajili ya AC. Hicho kina mpira wake na soketi yake, na kikifa lawama hubebeshwa vali kubwa. Ikiwa injini inatetemeka lakini mizunguko haichezi, hiyo ni misi, yaani silinda moja haichomi vizuri: nenda kwenye plagi, koili na nozeli.

Kipimo kimoja cha kidole kinasaidia sana. Kwenye injini zinazopima hewa kwa sensa ya manifoldi, kama 5A na 4E nyingi, legeza mpira mkubwa mdomoni mwa throto injini ikiwa inaunguruma na imepata moto. Utaona tundu dogo kabla ya kisahani, hapo ndipo hewa ya vali inapoingilia. Lizibe kwa kidole. Mizunguko ikianguka karibu na kuzima, hewa ilikuwa inapita kwenye vali. Ikiwa sailensa ilikuwa juu na kidole hakibadilishi kitu, hewa inaingia kwingine na vali haina kosa. Ikiwa sailensa ilikuwa chini na kidole hakibadilishi kitu, njia imeziba. Usijaribu hili kwenye injini yenye sensa ya hewa karibu na boksi la filta, kama 1NZ, kwa sababu ukitoa mpira hewa inaingia bila kupimwa na injini itazima yenyewe, ukaanza kufukuza tatizo ambalo umelitengeneza mwenyewe.

Toyota za miaka ya 90 zina njia nyingine nzuri isiyohitaji mashine. Ndani ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Injini ikiwa na moto, gia ikiwa fri na AC imezimwa, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Mizunguko inatakiwa kupanda mpaka kati ya 1,000 na 1,200, ikae kama sekunde 5, kisha irudi chini. Isipopanda, vali haisogei au haipati umeme. Magari yenye soketi ya mashine ya kisasa hutoa kodi (namba ya hitilafu) P0505 kwa hitilafu ya sailensa, P0506 ikiwa chini, P0507 ikiwa juu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema "nunua vali".

Kuifungua

Injini iwe baridi kabisa. Si vuguvugu. Mipira ya maji itafunguliwa, na maji ya redieta yakiwa na moto yana presha ya kumbabua mtu uso. Fungua kifuniko cha redieta kwanza kutoa presha iliyobaki, toa kichwa cha hasi cha betri, halafu toa mpira mkubwa wa hewa.

Kwenye Toyota nyingi vali iko chini ya throto, na kuifikia ikiwa imefungwa garini ni kujitesa. Ni rahisi zaidi kutoa throto nzima: kebo ya mafuta, soketi ya sensa ya throto, soketi ya vali, mipira miwili ya maji, mipira myembamba ya vakyumu, kisha bolti au nati zake, mara nyingi za spana 12. Piga picha ya mipira kwa simu kabla hujaigusa. Ile ya vakyumu ina ukubwa unaofanana na ukiibadilisha nafasi gari litawaka lakini halitakaa sawa. Mipira ya maji ibane kwa koleo lisilo na meno, au iinue juu na kuiziba kwa bolti nene, hapo utapoteza maji kidogo tu.

Sasa zinakuja skrubu nne zinazoshika vali kwenye throto, na hapa ndipo kazi inapoharibikia Pwani. Skrubu ni za chuma, bodi ni alumini, hewa ina chumvi: zinaganda kama zimechomelewa. Ukizungusha na bisibisi iliyochakaa, msalaba unalika kwenye zungusho la kwanza na kuanzia hapo unatafuta drili. Pulizia dawa ya kulegeza kutu na iache angalau nusu saa. Tafuta bisibisi ya nyota inayojaa msalaba bila kucheza, igonge kwa nyundo mara mbili tatu ikiwa juu ya skrubu ili kuvunja kutu, kisha sukuma kwa uzito wa mwili huku ukizungusha polepole. Bisibisi ya kugonga, ile inayozunguka yenyewe ukiipiga nyundo, ndiyo bora kuliko zote, lakini weka throto juu ya mbao na si kwenye sakafu ya simenti. Wakati wa kurudisha, nunua skrubu mpya za urefu uleule na uzipake grisi kidogo.

Ukishaitenganisha utaona oringi au gasketi. Oringi ya zamani huwa imekuwa ngumu na bapa. Usiirudishe. Hewa ikipita pembeni yake, umeongeza uvujaji kwenye gari lililokuja na tatizo la sailensa, na kama kiungo hicho kina njia ya maji pia, maji yataingia kwenye injini.

Kuisafisha

Dawa ya throto au ya kabureta, mswaki wa zamani, vijiti vya pamba na kitambaa kisichotoa nyuzi. Petroli naona wengi wanaitumia kwa sababu iko karibu. Inavimbisha oringi, inaosha grisi ya beringi, na mvuke wake ndani ya gereji ya mabati ni hatari. Msasa usikaribie kabisa: ukiikwangua ile nafasi finyu kati ya vali na nyumba yake, hewa itapita hata vali ikiwa imefungwa na sailensa haitashuka tena.

Shika vali upande wa umeme ukiwa juu na matundu ya hewa yakitazama chini, ili uchafu udondoke nje badala ya kuteremka kwenye koili. Pulizia kidogo, subiri dakika moja masizi yalainike, piga mswaki, pulizia tena. Rudia mpaka kinachodondoka kiwe safi. Usiloweke vali nzima kwenye bakuli hata kama fundi wa jirani hufanya hivyo.

Vali ya kuzunguka, iliyo kwenye Toyota nyingi, ina kibapa kinachozunguka kwenye mhimili. Kikiwa safi kinasogea kwa kidole chepesi bila kukwama popote. Kikikwama, ongeza dawa na subira, usikisukume kwa bisibisi. Ile koili iliyofungwa kwa skrubu mbili iache mahali pake. Nafasi yake imepangwa kiwandani, na ukiitoa bila kuchora alama kwa msumari kabla, hutajua tena ilikaa wapi. Vali ya stepa, yenye ncha inayotoka na kuingia kama sindano, ina sheria tofauti: usiivute wala kuisukuma kwa mkono. Ndani yake kuna uzi mwembamba wa skrubu ambao hukatika kwa nguvu ndogo tu. Safisha ncha na shimo inamokalia, basi.

Bodi ya throto nayo isafishwe siku hiyohiyo, hasa ukingo wa kisahani mbele na nyuma. Gari lenye mstari mweusi wa masizi kuzunguka kisahani linaweza kuwa na sailensa mbovu na vali nzima. Acha kila kitu kikauke. Upepo wa kompresa ya kujazia tairi unafaa kwa matundu ya hewa, ila fungua kwanza utoe maji yaliyokaa kwenye tangi lake, na usipulizie moja kwa moja kwenye beringi.

Soketi isisahaulike. Kutu ya kijani isafishe kwa dawa ya umeme na mswaki mdogo, kisha paka grisi ya umeme kiasi cha punje ya mchele kwenye mpira wa soketi ili unyevu usirudi.

Kupima, na lini ununue

Hapa maltimita inakuokolea pesa. Vali za kuzunguka za Toyota za miaka ya 90 zina pini tatu. Ya katikati ni ya umeme wa chanya, na kutoka hapo kwenda kila moja ya pembeni unatakiwa kupata takriban omu 17 hadi 25 ikiwa baridi. Upande mmoja ukisoma sifuri au usisome kabisa, koili imekufa. Vali za baadaye zenye pini tatu zina kisakiti kidogo ndani, na kuzipima omu hakukuambii kitu, kwa hiyo usizihukumu kwa mita. Vali ya stepa ya Mitsubishi ina pini sita: kati ya namba 2 na 1, 2 na 3, 5 na 4, 5 na 6, tafuta omu 28 hadi 33 kwenye joto la nyuzi 20. Kwa joto la Malindi, kusoma juu kidogo ya hapo si kasoro.

Ikisoma chini sana, usifunge vali mpya haraka. Koili ambayo waya zake zimegusana huvuta umeme mwingi na inaweza kuunguza sehemu ya kompyuta inayoiendesha. Baadhi ya Nissan za mwanzo wa miaka ya 2000 zinajulikana kwa hilo: maji ya injini yanavuja ndani ya mota, koili zinagusana, kompyuta inaungua. Vali mpya kwenye kompyuta iliyoungua haitafanya kazi. Kinyume chake ni kibaya zaidi, kompyuta nyingine ikifungwa kwenye vali ileile mbovu nayo itaungua.

Kwa kununua, mimi huona vali ya eksi-Japani iliyopimwa ni salama kuliko mpya ya bei ya kutupa. Nakala nyingi za bei rahisi hazifungi kikamilifu na sailensa inabaki 1,000 na kitu. Nenda na ya zamani mkononi, linganisha namba iliyopigwa kwenye bodi, idadi ya pini, umbo la soketi na matundu. Duka likikuuzia throto nzima iliyotumika pamoja na vali yake, mara nyingi hiyo ndiyo nafuu, kwa kuwa skrubu zile nne hutazigusa.

Skrubu ya throto

Pembeni mwa throto kuna skrubu inayozuia kisahani kisifunge hadi mwisho na kukwama. Imewekwa kiwandani, mara nyingi ina rangi juu yake. Ukiikaza, kisahani kinabaki wazi kidogo, hewa inaingia, gari halizimi. Lakini sensa ya throto sasa inaweza kuiambia kompyuta kwamba dereva amekanyaga mafuta, na kompyuta ikiamini hivyo inaacha kuongoza sailensa. Gari linakunywa petroli, linavuta mbele kwenye otomatiki ukiwa umeshika breki, na siku vali ikisafishwa mizunguko inaruka juu. Ukikuta rangi imevunjika, jua mtu amepita hapo. Irudishe mpaka isiguse, kisha ikaze kidogo tu pale inapogusa na kisahani kinafunguka bila kunata, halafu pima sensa ya throto upya.

Kurudisha na kuifundisha kompyuta

Gasketi mpya ya throto, bolti zikazwe kwa zamu kufikia kama Nm 20, skrubu za vali kwa nguvu ya mkono tu. Jaza redieta kwa kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Huku hakuna barafu, lakini kulanti ina dawa ya kuzuia kutu na hiyo ndiyo tunayoihitaji. Toa hewa kwenye mfumo kabla ya kufunga kifuniko: hewa ikikwama kwenye ile mipira midogo, 4A na 5A za zamani zenye vali ya nta (inayojifunga nta ikipata moto) ndani ya throto hazitajua kwamba injini imepata moto na sailensa itabaki juu. Kwa sababu hiyohiyo, mtindo wa kuunganisha mipira hiyo miwili na kuipita throto haufai kwa gari lenye vali ya nta.

Betri ikishakaa dakika kadhaa bila kichwa cha hasi, kompyuta husahau nafasi iliyoizoea wakati wa uchafu. Washa bila kukanyaga mafuta, zima AC, redio na taa, acha injini ipate moto na itulie kama dakika 10. Kisha washa AC dakika chache, kisha endesha, ukisimama na kuondoka mara kadhaa. Njia ya kutoka mjini kwenda Gede ina matuta ya kutosha. Mizunguko kuwa juu kidogo siku ya kwanza si ajabu. Nissan za stepa na za throto ya umeme hazijifundishi kwa urahisi huo, zinataka hatua maalumu ya kujifunza kiasi cha hewa, mara nyingi kwa mashine ya kusomea kodi, kwa hiyo ulizia fundi mwenye mashine kabla ya kufungua bolti ya kwanza.